Aliyetoka Mlango wa Dereva Si Jini

Naomba na mimi nisikilizwe, maana tangu Ijumaa usiku simu yangu haijapumzika. Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu, ya mtu anayehema na kusema "wallahi nimeliona kwa macho yangu, limevaa nyeupe, limetokea mlango wa dereva," ni ya rafiki yangu Spika. Jina alilopewa na wazazi wake analo, ila tangu shule tunamwita hivyo, na mmeshajua kwa nini. Ameeleza moshi, ameeleza honi, ameeleza na kuku. Kimempita kitu kimoja tu: aliyetokea mlango wa dereva akiwa amevaa nyeupe ni yeye mwenyewe. Alijionaje kwa macho yake, mtamuuliza.

Wa siku zote mnamjua Zedi. Wageni, Zedi ni Datsun 240Z, gari la milango miwili, boneti refu kuliko subira yangu, injini ya lita mbili nukta nne yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ndiyo aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Hilo nimeshalisema humu mpaka mmoja wenu akaniomba nitafute habari nyingine ya kuongea. Marehemu mjomba aliinunua Dar, akaipakia kwenye behewa, ikaja kwa treni mpaka huku kwetu Kigoma, mwisho wa reli, kwa sababu kwa barabara ya enzi hizo angefikisha usukani peke yake. Akaitembeza Ujiji, Mwanga mpaka stesheni, akazeeka, akaiegesha chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Naishi kwenye nyumba hiyo na mkaza mjomba, na mwaka huu nimeamua Zedi itembee kabla sijaoa. Mkaza mjomba alishauri nianze kuoa. Hakusikilizwa.

Gari likikaa chini ya mwembe halibaki tupu. Panya walikula nyaya za dashibodi wakabakiza rangi wasizozipenda. Kuku mmoja mweusi, mali ya mkaza mjomba, alihamia nyuma ya viti na kuanza kutaga humo. Ukimtoa mlango huu anaingilia ule. Na kabla ya panya na kuku alipita fundi wa zamani, Mungu amsamehe. Kila palipokatika waya alipasokota kwa vidole, akapaviringishia kitambaa cheusi, akakaza kwa uzi. Hakuna tepu, hakuna risasi ya kulehemu. Chini ya dashibodi palining'inia vifurushi vyeusi vya ukubwa wa kidole gumba, kimoja baada ya kingine. Kumbukeni hivyo vifurushi.

Nikawa navikata, naunganisha upya, navihifadhi pembeni ili nijue kila kimoja kilitoka wapi. Pembeni ni wapi? Ukifungua gari la zamani, nati na skrubu zina tabia ya kuzama kwenye mchanga, kwa hiyo nikaazima ungo wa mkaza mjomba. Ungo ni mpana, una ukingo, kitu hakidondoki. Nikaweka nati, spana, vile vifurushi vyeusi, na mayai ya kuku nisije nikayakalia.

Ninyi mnaoandika "ungo tena?" tulieni. Nafika.

Wayaringi ya gari hili inataka kuimbwa kichwani. Waya mweusi ni athi, yaani wa ardhini, unaishia kwenye bodi. Mweupe wenye mstari mwekundu ndio unaobeba umeme mkubwa kutoka kwenye betri. Umeme wa taa kubwa unapita wote kwenye swichi ya usukani bila rilei, kile kifaa cha kuibebea swichi umeme mkubwa, ndiyo maana swichi za magari haya huungua na boksi la fyuzi kuyeyuka, na ndiyo maana nilikuwa naifuata kila rangi mpaka mwisho wake kabla ya kuwasha chochote. Ukishafanya kazi hiyo tangu asubuhi, jua likizama mdomo unaendelea wenyewe. Nilikuwa natembea nikinong'ona: "mweusi ardhini, mweusi ardhini, mweupe wenye mstari upande juu, mwekundu uende mbele." Mkaza mjomba alinipa uji akanitazama muda mrefu bila kuuliza.

Haya, upande wa umeme ukaanza kutulia. Kilichobaki kunitesa ni vakyumu, yaani mvuto wa hewa.

Kwa wasiojua: injini ya petroli ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, koo la kabureta, kile kinachochanganya hewa na petroli, linakuwa limefungwa karibu lote huku pistoni zinavuta. Ndani ya menifodi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, panakuwa na mvuto mkali, na mvuto huo una kazi zake. Mpira mmoja mnene unaupeleka kwenye haidrovaki, lile bati jeusi la duara mbele ya dereva linalousaidia mguu wako kwenye breki. Kimpira chembamba, kinachotoka kwenye kabureta, kinapeleka mvuto kwenye distribyuta, mgawaji wa moto wa plagi, ili moto uwahi inavyotakiwa. Kabureta za Zedi nazo, mbili, za Hitachi za mtindo wa SU za Waingereza, zina pistoni inayonyanyuliwa na mvuto wa hewa inayopita kwenye koo lake. Sasa mpira ukipasuka popote, inaingia hewa ambayo kabureta haikuihesabu, petroli inakuwa kidogo kwa hewa iliyopo, na injini inapanda na kushuka yenyewe bila mtu kugusa mafuta. Zedi ilikuwa inafanya hivyo, huku mahali fulani ndani ya boneti pakilia "ssss", na pedeli ya breki ngumu mpaka nasimama juu yake.

Nilibadilisha mipira yote. Kila mpira niliouhakikisha niliufunga kipande cha kitambaa chekundu, nilichochana kwenye kanga kuukuu, ili nisirudie. Injini ikaonekana imevaa tayari kwa sherehe. Na "ssss" ikaendelea.

Mafundi wa mbele wana mashine ya moshi. Unazima injini, unaziba midomo ya kabureta, unasukuma moshi ndani ya menifodi, unatazama unatokea wapi. Palipo na moshi ndipo palipo na tundu. Hakuna ufundi ulio rahisi kuliko huo. Ila mashine ya moshi Kigoma nitaipata wapi? Sivuti sigara. Moshi pekee ulio mzito, wa kutosha, na usiokosekana nyumba yoyote ya Ujiji, mnaujua.

Nikaazima chetezo.

Msinirukie kuhusu moto na petroli. Tangi lilikuwa tupu, kabureta nimezikausha tangu mchana, na makaa yalikaa mbali na gari kwa urefu wote wa mpira wa kumwagilia maji. Nilichukua kopo kubwa la rangi lenye mfuniko, nikalitoboa mara mbili, chetezo ndani, makaa ndani ya chetezo, ubani juu ya makaa. Mfuniko nikauziba kwa unga uliokandwa, ule ule mnaozibia sufuria ya biriani. Tundu la kwanza likapokea upepo kutoka kwenye pampu ya mguu, ile ya kujazia godoro. La pili likatoa mpira mrefu mpaka kwenye menifodi. Unakanyaga, unakanyaga, moshi unakwenda. Kitu kizuri kabisa, nilijisifu kwa sauti.

Betri niliiacha imeunganishwa, kwa sababu mchana nilikuwa najaribu taa. Liacheni hapo hapo hilo, tutalikuta.

Ikafika baada ya magharibi. Nimevaa msuli, kifua wazi, kichwani nimejifunga kitambaa kwa ajili ya oili. Simu imekaa kifudifudi ndani ya ungo, tochi imewashwa, inamulika juu. Anaingia Spika, anatoka msikitini, kanzu nyeupe imenyooka, amefuata chaja yake. Nikamwambia kaka, dakika mbili tu, kaa kwenye kiti cha dereva, nikikwambia kanyaga breki unakanyaga. Akaingia. Mlango ule wa dereva kwa ndani hufunguka ukiamua wenyewe, na vioo havishuki, lakini sikuona sababu ya kumtia mtu wasiwasi.

Sasa hapa naomba mtoke kwangu, mwende mkasimame getini. Maana walikuwepo watu getini, nami sikuwa na habari.

Alikuwepo mshenga wangu. Alikuwepo mama mkwe mtarajiwa, hotipoti mkononi. Alikuwepo bibi yake mchumba, mwenye neno la mwisho katika ukoo ule. Na alikuwepo babu mmoja, mdogo wake bibi, mstaafu wa karakana ya reli, mwenye goti bovu. Walipangiwa kuja Jumamosi saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimeoga. Bibi akaamua waje Ijumaa, kwa maneno yake mwenyewe, "tumuone alivyo asipojiandaa." Mchumba wangu alinitumia ujumbe mapema kabisa. Nimeusoma baadaye: "Wameshatoka Gungu. VAA SHATI." Uliingia kwenye simu iliyolala kifudifudi ndani ya ungo.

Simameni nao hapo, mtazame wanachokiona.

Giza limeanza. Chini ya mwembe kuna gari jeusi kwa vumbi, boneti limefunguka kuelekea mbele, ndivyo maboneti ya gari hili yanavyofunguka, kwa hiyo wao walioko mbele hawaoni injini, wanaona ukuta wa bati na mwanga unaotokea nyuma yake. Pembeni, mwanaume kifua wazi mwenye msuli na kilemba cha kitambaa. Anakanyaga chini kwa mguu mmoja. Puh. Puh. Puh. Kila akikanyaga, kopo linafuka. Ubani umejaa uani. Mbele yake kuna ungo, na ndani ya ungo, kwa mwanga unaopanda kutoka chini, mayai, vifurushi vyeusi vilivyofungwa uzi na vipande vya kitambaa chekundu. Na mwanaume huyo ananong'ona. Mshenga aliniambia jana alichokisikia, neno kwa neno: "Mweusi ardhini. Mweusi ardhini. Mwekundu uende mbele."

Mbele walikuwa wao.

Mimi sijawaona bado. Mimi namwambia Spika, "Kanyaga!"

Spika akakanyaga breki. Hapo ndipo moshi ulipopata njia yake. Tundu la Zedi halikuwa kwenye mpira wowote. Lilikuwa ndani ya haidrovaki, diaframu, kile kiwambo cha mpira cha ndani, imepasuka, na dereva akikanyaga pedeli vali ya nyuma inafunguka. Ubani wote niliousukuma ukapita kwenye diaframu, ukatokea pale pedeli inapoingia, yaani kati ya miguu ya Spika. Chini ya kanzu.

Kutoka ndani ya gari ikaja sauti ya mtu aliyejaribu kuwa mtulivu: "Kaka. Kuna kitu kinanipanda mguuni."

Nikamwambia, "Endelea kukanyaga, tumekipata!"

Hilo nalo walilisikia getini.

Ndipo nikanyanyua macho nikawaona. Ndugu zangu, malezi ni kitu kibaya. Mguu ulikuwa unaendelea na pampu, puh, puh, na mdomo kwa adabu zote ukatoa, "Shikamooni."

Hakuna aliyeitikia. Kwa sababu kabla bibi hajafumbua mdomo, ndani ya gari moshi ulikuwa umefika kifuani. Spika akapapasa mlango, mlango ukagoma. Akaushika usukani kwa mikono miwili akauvuta ili ajinyanyue. Ndani ya nguzo ya usukani kuna waya wa honi uliochunwa na panya, ambao mimi nilikuwa sijafika. Ukagusa chuma. Zedi ina honi mbili, ya sauti nene na ya sauti nyembamba, na zote mbili zilikuwa kimya tangu enzi za mjomba. Zikalia kwa pamoja. Si "pii". Zilivuta. Na kiwiko chake kikabonyeza kitufe cha hazadi, taa za kona nne zikaanza kufunga na kufungua macho, na kila zikiwaka mnaona moshi wa rangi ya chungwa umejaa kwenye vioo na kivuli cha kitu chenye mikono kinapiga kioo kwa ndani.

Mama mkwe akasema "La ilaha illallah" mara nyingi bila kituo. Hotipoti ikaanguka. Wali ukamwagika na sambusa zikabiringika mpaka kwenye mpira wangu. Hilo lenyewe liliniuma.

Mlango ukafunguka. Ulifunguka wakati ulipotaka wenyewe, na Spika, aliyekuwa ameuegemea kwa uzito wote, akatoka amelala. Moshi ukatoka pamoja naye. Kanzu imejaa majivu na vumbi, kofia haipo, macho mekundu, na juu ya mgongo wake, akikanyagia kichwa kuruka, kuku mweusi. Akasimama. Akanyoosha mikono mbele kwa sababu haoni. Akaanza kutembea kuelekea wanakosikika watu.

Mshenga alikimbia. Naliandika hili kwa sababu anakana. Alikimbia kupitia kwenye ungo, ungo ukaruka, nati za Zedi zikaenda zinakojua, mayai mnajua yalivyoishia, na kiatu chake cha mguu wa kushoto ninacho hapa.

Mimi nikapata akili moja tu: betri. Waya mweusi wa betri ukitoka, kila kitu kinanyamaza. Terminali ilikuwa imekazwa nusu, mtu akiuvuta kwa nguvu unachomoka. Ila nilikuwa upande wa pili, mguu umenasa kwenye mpira wa pampu, na aliyekuwa karibu na betri ni Spika. Nikapaza sauti juu ya honi mbili: "Mweusi! Vuta mweusi! Mshike mweusi!"

Spika ni mtu mtiifu akiogopa. Akainama, akapapasa, akamshika kuku. Akamnyanyua kwa miguu, mabawa yanapiga, akamuelekeza kwa bibi yake mchumba wangu aliyekuwa hatua mbili mbele yake, akauliza kwa sauti iliyokauka, "Huyu?"

Nilimwona bibi akimtazama kuku. Akamtazama Spika. Akanitazama mimi, kuanzia kilembani mpaka kwenye msuli, ambao kufikia hapo ulikuwa unashikiliwa na mkono wangu mmoja. Akavua ndala ya mguu wa kulia. Akapima. Kile kipigo kilikuwa changu, lakini Spika alikuwa njiani.

Wote walikimbia isipokuwa babu. Baadaye alisema hakukimbia kwa sababu goti halimruhusu, na kama ni jini basi lingemkuta tu barabarani. Alitembea taratibu, honi zinalia, taa zinafumba, akauzunguka ule ukuta wa boneti, akachungulia, akaingiza mkono na kuuchomoa ule waya mweusi kwa vidole viwili. Kukanyamaza. Mbwa wa mtaa wa pili ndipo nikawasikia.

"Marahaba, mwanangu," akasema babu.

Nikamshukuru. Nikaanza kumweleza, kwa haraka na bila pumzi: vakyumu, menifodi, moshi, mashine za mbele, ubani. Alisikiliza huku anasoma vile vitambaa vyekundu kimoja kimoja. Halafu akaniuliza swali moja.

"Injini ikiwa inaunguruma, ukikanyaga breki, sailensi inabadilika?"

"Inabadilika, babu. Inashuka kabisa, wakati mwingine inazima. Na ile 'ssss' inakuja ndani ya gari."

"Sasa ubani wa nini?"

Nilikosa cha kusema, na mpaka leo ninapoandika sijakipata. Mnaojua magari mmeshacheka. Mnaotaka kujua: mguu wako ukiwa kwenye breki na injini ikababaika, tundu liko kwenye haidrovaki. Si siri, halitaki chetezo, halitaki kopo la rangi, halitaki mtu wa kumweka ndani na kanzu. Babu alijua akiwa amesimama, na gari limezimwa.

Akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba Mehta 1973 alilingana pointi na mwenzake wa Datsun nyingine, Harry Källström, ushindi ukaamuliwa kwa kanuni. Hilo kwenye hadithi zangu zote humu sijawahi kulisema. Kwa hiyo nilipigwa hata kwenye eneo langu.

Yaliyofuata nayapitisha. Mkaza mjomba alitoka, akaona chetezo chake, akarudi ndani. Mchumba wangu hakuongea nami mpaka Jumamosi jioni, alipopiga simu akacheka dakika nzima halafu akakata. Mama mkwe amerudishiwa hotipoti, nimeijaza mgebuka wa kukaanga kutoka Kibirizi. Bibi amesema jibu la posa litakuja, hakusema lini, ila ameuliza kama kuku yule ni wa kununuliwa au ni "wa humo." Babu anakuja kila jioni. Anaweka kipande cha mpira sikioni, upande mwingine kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza ipi inavuta zaidi, ananifokea kidogo, anakunywa chai. Waya wa honi nimeubadilisha wote, sikuunganisha. Spana namba kumi haijaonekana.

Diaframu imeagizwa. Bei yake sitaitaja, mkaza mjomba anasoma humu.

Tatizo lililobaki ni ninyi na sauti ya Spika. Jumapili alikuja mama mmoja kutoka Bangwe kuniuliza kama naangalia na biashara zilizofungwa. Nikamweleza kila kitu kuanzia menifodi. Akasikiliza kwa heshima, akasema anaelewa, waganga wazuri hawajitangazi.

Na jana kaka mmoja wa Katubuka kaleta Noah yake. Inamisi, inatetemeka, haina nguvu mlimani. Nikaifungua, plagi mbili zimekufa, kazi ya nusu saa. Nikamwambia hivyo. Akazitazama zile plagi, akanitazama, akasogea karibu akauliza kwa sauti ya chini kufukiza ni shilingi ngapi.

Nikamwambia elfu kumi na tano, na plagi ananunua mwenyewe.